Usimfunikie Jivu Mtaro

Koku,

Kaa chini kwanza. Usiisome barua hii umesimama mlangoni kama mtu anayesubiri bodaboda. Kaa kwenye kigoda cha babu yako, uisome yote, halafu ndiyo useme unachotaka kusema. Najua utaanza kwa kuucheka mwandiko wangu. Cheka. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililipata kwa kuwatoroka ng'ombe wa baba. Wewe umesoma chuo cha mifugo mpaka ukavikwa joho, lakini barua ndefu namna hii hujawahi kuniandikia hata moja, kwa hiyo usinicheke sana.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia usisinzie kwenye basi ukaacha mkoba miguuni, wala unywe dawa, wala uende kanisani. Hayo shangazi yako Konsolata ameyasema tangu asubuhi na atayasema tena kesho mpaka dereva apige honi. Mimi nina mambo mawili tu.

La kwanza naliweka hapa juu ili usilikute huko chini ukasema nilikuvizia. Mimi ni mgonjwa. Si magoti, wala si ile gesi ya tumbo niliyokuwa nawaambia. Ni uvimbe kwenye ini, na daktari amesema hautolewi. Amesema huenda nisiwaone senene wa mwaka huu. Wewe likizo yako ni Krismasi, na senene wanatangulia Krismasi. Hesabu mwenyewe.

Nimeshasema. Futa pua, endelea kusoma.

Niligundua siku ile niliyowaambia nakwenda kumwona mgonjwa hospitali. Mgonjwa alikuwa mimi. Daktari alikuwa kijana, pengine umri wako, ana kidevu kama cha msichana. Alizunguka sana. Mara tutaangalia, mara mwili wa binadamu bibi una mambo mengi, mara una ndugu wa kuja naye? Nikamwambia, "Sema, mjukuu wangu. Mimi si ndama." Akasema. Alipomaliza ni yeye aliyekuwa anatoka jasho, nikampa pole. Nikarudi nyumbani nikawapikia, na wewe ukalalamika chumvi imezidi.

Sikumwambia mtu. Nilipanga nisikuambie mpaka umeshafika kazini kwako Arusha, au nisikuambie kabisa, uende zako na moyo mwepesi. Nilijiona nina huruma.

Sasa sikia kilichotokea leo asubuhi. Konsolata amenifuata jikoni, amefunga mlango, anaongea kama mwizi.

"Mae, huyu mtoto tusimwachie arudi kwa yule farasi. Safari hii amevunja bega, safari ijayo ni shingo."

"Mkatazeni."

"Hasikii. Ila wewe anakusikia. Kesho asubuhi usiamke. Lala tu, jifunike, ukohoe kidogo. Akikuona hivyo hatoki."

"Nikohoe?"

"Kidogo tu, Mae. Sema tumbo."

Koku, nilicheka mpaka nikashika meza, na kicheko kiliniuma pale pale panaponiuma. Binti yangu mwenyewe ananifundisha kuigiza ugonjwa, na ugonjwa uko ndani umekaa unatusikiliza. Nilimwambia aende akamenye ndizi. Hajui mpaka sasa. Wewe ndiye wa pili kujua, na wa kwanza nitamfikia.

Jambo la pili ni farasi wako Jivu na ule mtaro.

Ulipokuja hapa mkono umefungwa kifuani, mfupa wa chini ya shingo umevunjika, ulinionyesha kwenye simu ilivyokuwa. Farasi mchanga wa rangi ya majivu anakimbia vizuri, masikio mbele, na wewe juu yake umenyooka kama askari. Mbele yenu kuna mti mmoja umelazwa juu ya vigingi, si mrefu, mbuzi angeuruka, na chini ya mti kuna mtaro. Anafika. Anasimama ghafla, miguu ya mbele ameikita ardhini, na wewe unaendelea na safari peke yako. Konsolata alipiga kelele. Mimi nilikuambia rudisha nyuma nione tena, ukadhani nakutazama wewe. Nilikuwa natazama jicho la yule mnyama. Lilikuwa limegeuka weupe mtupu. Nalijua jicho lile. Halafu akatokea yule mwenzenu na mjeledi, ukazima simu upesi.

Umesema mama mwenye shamba amempa Jivu muda mpaka masika yaishe. Asiporuka, anaondolewa. Na juzi tulipokuwa tunamenya ndizi ukamweleza Konsolata akili uliyoipata ukiwa umelala hapa. Utapanga mbao juu ya mtaro, juu ya mbao utandike turubai la kijani kama majani. Azoee kuruka mti bila kujua kuna shimo, halafu siku moja uviondoe vyote kimya kimya, aruke kama kawaida.

"Mbao zinabeba, Shangazi. Hata akikanyaga haumii."

Konsolata akasema una akili kama baba yako. Mimi niliinuka nikaenda kuchochea moto ambao haukuwa na shida yoyote.

Sijui farasi. Maisha yangu yote nimemwona kwenye kalenda na kwenye simu yako. Kazi yako sikufundishi. Nakueleza nilichomfanyia Bihogo, kwa sababu ndicho hicho unachotaka kumfanyia Jivu.

Bihogo alikuwa mtamba wangu, mwekundu wa kiza, alinipa baba yangu akiwa ndama, baba yako alipoacha kunyonya. Hatukuwa na mwingine. Na wewe unajua ng'ombe kwetu si maziwa tu. Bila samadi kibanja kinakonda, migomba inatoa mikungu kama vidole vya mtoto, na watu hawamsemi mwanaume, wanamsema mke aliyeolewa hapo. Babu yako alikuwa visiwani na wavuvi, anarudi akipenda. Kibanja kilikuwa changu kukilinda.

Ule mfereji wa mwisho wa migomba, ambao wewe umeukuta umejaa takataka, wakati ule ulikuwa mpana na mrefu kwenda chini. Wanaume wa kijiji waliuchimba ili maji ya masika yasiingie kwenye vibanja. Ng'ombe wote waliuvuka kwenda rweya, kwenye uwanda wa malisho, kula, wakubwa wakiruka, ndama wakipita juu ya magogo. Bihogo akiwa ndama gogo moja lilikatika, mguu wake ukazama mpaka pajani. Tangu siku hiyo hakutaka magogo, wala kuruka. Akifika mfereji anakita miguu kama Jivu wako, anatoa lile jicho.

Nilimchapa. Unadhani ningefanya nini, nimwimbie? Mtoto akigoma ulimchapa, ng'ombe akigoma ulimchapa. Nilimchapa mpaka akawa anaanza kutetemeka ndani ya migomba, hajauona hata mfereji. Nilikuwa nimemfundisha kuogopa mapema. Basi baba yako, bado mtoto mdogo, kila asubuhi anavuka yeye kwenda rweya kukata nyasi, anarudi na mzigo kichwani, anamlisha ng'ombe aliyesimama.

Jirani yetu Ta Ishengoma alikuwa anapita na ng'ombe wake, anatuangalia.

"Ma Leokadia, huyo mtamba wako anasubiri serikali imletee daraja?"

"Anasubiri adabu."

"Mlete nyuma ya ng'ombe wangu mzee. Akimwona mwenzake kavuka, atamfuata."

"Ng'ombe wangu hafuati matako ya ng'ombe wa mtu."

Alicheka akaenda. Hiyo ndiyo mimi, Koku, na wewe umenirithi, usijifanye unashangaa. Ningemsikiliza yule mzee siku ile, barua hii ingekuwa fupi.

Badala yake nikapata akili. Wakati ule sebule zetu tulizitandika nyasi. Mgeni akija anakaa kwenye nyasi safi, na ng'ombe naye analala kwenye nyasi hizo hizo, upande wake, ndani ya nyumba hiyo hiyo. Kwa ng'ombe aliyekulia humu, nyasi zilizotandikwa na mkono wa mtu maana yake ni hapa nyumbani, lala. Bihogo alikuwa akiziona tu anashusha kichwa. Mimi nikalijua hilo na nikalitumia. Nilipanga fito juu ya mfereji, nikaweka majani ya migomba, nikatandika nyasi vizuri kabisa, kama anayekuja ni padri. Ukitazama hujui kuna kitu chini. Nilisimama nikajisifu.

Baba yako nilimpa kamba, nikamwambia atangulie kwa pembeni, pale penye gogo moja lililobaki, asimame ng'ambo avute na kumwita. Bihogo alikuwa anamfuata yule mtoto popote.

"Mae, zitabeba?"

"Zitabeba. Vuta."

Nilidhani atapita mbio, mguu mmoja tu uguse. Lakini hakukimbia. Nimekuambia, nyasi kwake zilikuwa nyumbani, na nyumbani mtu hakimbii. Alikuja taratibu, shingo imelegea, ananusa, bila fimbo, mara ya kwanza tangu nimjue. Akaweka miguu yote miwili ya mbele.

Sitaki kukueleza sauti yake. Umesomea mifugo, umeshasikia ng'ombe akianguka.

Ta Ishengoma na wanawe walimtoa kwa kamba. Hakuvunjika mguu, nikasema mnaona, hana kitu. Lakini alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kabla wiki haijaisha akaitupa, kandama kasicho na manyoya, nikakazika mwenyewe chini ya mgomba.

Ila pale pale mferejini, ng'ombe bado analia chini, baba yako alivuka akanijia. Hakuwa analia. Akaniuliza, "Mae, ulijua?"

Nilimchapa. Mbele ya watu, kwa kipande cha ufito uliovunjika. Nilimchapa kwa sababu aliuliza, na kwa sababu nilijua.

Sasa sikia kilichofuata, hapa ndipo penye Jivu. Mfereji Bihogo aliuogopa vilevile, si zaidi. Alichoogopa sasa ni nyasi. Jioni tulimwingiza ndani, tumemtandikia kama kawaida, akagoma mlangoni. Akasimama kwenye udongo mtupu karibu na mafiga, anatetemeka, mpaka asubuhi. Ukimtandikia, anasogea. Ukimwekea nyasi za kula chini hagusi. Mpaka uzifunge kwenye nguzo aone kuna nini chini yake. Na baba yako akishika kamba, anavuta kichwa nyuma. Yule mtoto alimwita kwa majina yote aliyokuwa anamwita. Ng'ombe akamtazama kama mtu wa barabarani. Baada ya siku kadhaa baba yako aliiweka kamba chini, akaniambia, "Shika mwenyewe," na hakuishika tena.

Shimo lilikuwepo tangu zamani, na kuliogopa shimo ni akili, kila mnyama anayo. Mimi nilichukua kile kitu kimoja alichokuwa anakiamini nikakigeuza kuwa shimo. Mbao zako zinabeba, sawa. Je, siku utakayoziondoa? Atakuja mbio kwa sababu umemwambia hakuna kitu, na kitu kitakuwepo. Uliniambia mwenyewe kwamba farasi akifika karibu na mti haoni tena kilicho chini ya pua yake, anaruka kile alichokiona toka mbali. Basi akione toka mbali. Akione kibaya kama kilivyo.

Nilimwendea Ta Ishengoma. Nilivaa kanga safi, nikabeba kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, nikakaa kwake muda mrefu bila kusema nilichofuata. Mwisho akasema, "Umekuja kuazima matako ya ng'ombe wangu?"

"Nimekuja."

"Haya. Lakini huanzi na mfereji."

Tulianza na mgomba uliokatwa, umelazwa njiani. Mgomba ni laini, hata akijigonga haumii. Mwanzoni aliuzunguka, tukamwacha auzunguke. Akaunusa, akaukojolea, tukamwacha. Kamba nilishika mimi na nilitangulia mimi, kwamba kama kuna shimo niingie mimi kwanza. Siku alipoinua mguu akauvuka, nilitaka arudie pale pale nione kama kweli. Ta Ishengoma akanizuia.

"Mrudishe nyumbani."

"Ndiyo kwanza ameanza."

"Ndiyo umrudishe. Alale nalo."

Kurudi nyumbani wakati nimeshaonja, hilo kwangu lilikuwa gumu kuliko yote. Wewe pia litakushinda usipoangalia. Siku nilizotoka nimemkasirikia babu yako hakuvuka kitu, hata mgomba aliokwisha kuuzoea, na nilikuwa sijainua mkono. Nilijifunza kwamba nikiwa hivyo nimwache nyumbani, nikapalilie. Migomba ikawa miwili, nikaiinua kidogo juu ya mawe. Halafu nikachimba kamfereji kadogo, ka kuvuka mtoto, nikakachimba mchana mbele ya macho yake akiwa amefungwa pale, aone kila jembe linavyoingia. Huko kwenu mnaanza vilevile, miti chini kwanza, ulinieleza. Basi kama unajua, unataka njia ya mkato ya nini? Kwa sababu masika yanaisha? Mwambie huyo mama mwenye shamba akuongezee. Akikataa, farasi aondoke akiwa mwoga. Mwoga anaweza kupata mtu mwingine wa kumsubiri. Akishadanganywa, huyo mtu atahangaika naye bure.

Ilichukua masika mpaka vuli. Siku moja ng'ombe mzee wa Ta Ishengoma akaruka mfereji, na Bihogo nyuma yake akasimama, akatazama chini, akatazama muda mrefu mpaka Ta Ishengoma akaanza kusafisha kiko. Halafu akaruka. Aliruka juu kupita kiasi, kama anaruka nyumba. Sikupiga makofi. Nilivuka nikamwacha ale, nikageuka kumtafuta baba yako nimwonyeshe. Alikuwa kwenye migomba, ameona, na alikuwa anaondoka.

Ungependa niishie hapo. Siishii. Bihogo aliruka mfereji kila siku tangu hapo, lakini kwenye nyasi zilizotandikwa hakulala tena. Alizaa, alitupa samadi, kibanja kikanenepa, watu wakanisifu. Usiku alisimama nje. Yakaja masika makali, tukamtengenezea banda zuri, kavu, nyasi mpaka magotini. Akasimama nje ya banda kwenye mvua, akashikwa na homa ya mapafu, akafa akiwa anazitazama. Kuruka nilimrudishia. Hilo lingine sikulirudisha, na nilijaribu mpaka mwisho.

Na baba yako yuko vivyo hivyo. Unajua jinsi anavyonipigia simu. Krismasi na Pasaka.

"Mvua imenyesha, Mae?"

"Imenyesha."

"Kahawa?"

"Ipo."

Basi. Wewe ulikuwa unamwona ana roho ngumu, na mimi nilikuacha uamini hivyo kwa sababu ilinifaa. Hakuwa na roho ngumu. Alikuwa mtoto anayeimba. Alipokuwa shule ya bweni, kidato cha nne, mtumbwi wa babu yako haukurudi, na ziwa halikutupa hata mwili tukazika. Mitihani ilikuwa imekaribia. Nikasema nisimvuruge, amalize kwanza. Akituma salamu, nilijibu, "Baba yako yuko kisiwa cha mbali, samaki ni wengi." Niliandika hivyo kwa mkono huu huu. Alimaliza mitihani, akiwa njiani kurudi akateremka bandarini Kemondo, na mwanamke muuza dagaa akamwambia, "Pole kwa baba yako." Hakujua ni pole ya nini. Yule mama ndiye aliyemweleza, pale kwenye magunia ya dagaa, watu wanapita.

Alifika nyumbani akasimama mlangoni. Hakuniuliza kama nilijua. Alikuwa ameshajifunza kwamba hilo haliulizwi. Mitihani alifaulu vizuri sana, akaenda Mwanza, akapata kazi, akakuzaa wewe, na mama yako alipofariki akakuleta kwangu kwa sababu hakuwa na pengine. Siku ile alikuweka mikononi mwangu, akatazama sakafu ya nyumba hii, pale zilipokuwa zikitandikwa nyasi, kisha akanitazama mimi.  Nami nilielewa.

Leo mchana nimempigia mimi. Alishtuka, si Krismasi.

"Mvua imenyesha, Mae?"

"Imenyesha. Na mimi ninakufa."

 Akauliza nimeambiwa na nani, nikamwambia. Akauliza tangu lini, nikamwambia tangu kahawa inachanua. Akauliza kama inauma. Nikasema inauma. Miaka yote hiyo hatujaongea maneno mengi namna ile. Halafu akasema, "Koku anajua?"

"Bado. Nataka aende kwanza. Ana kazi yake, ana yule farasi. Nitamwambia akishafika."

"Mwambie kabla hajapanda basi, Mae." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Usimfanyie."

Hakumalizia. Sikumwuliza amalizie nini.

Ndiyo maana nimeshika kalamu tangu saa nane na viazi vimeungua. Konsolata anataka nikutandikie nyasi ili usiende. Mimi nilitaka kukutandikia nyasi ili uende. Ni nyasi zile zile. Barua hii nitakupa leo, jua bado liko juu, mbele yao wote. Nilifikiria kuichomeka kwenye begi uikute njiani, uisome umeshapita Biharamulo, huwezi kurudi na huwezi kuendelea. Hata sasa nilivyo, akili ile ilinijia, na ilinijia imevaa vizuri, inaonekana kama upendo.

Unataka kujua mimi nataka nini. Nataka uende. Yule farasi ana mtu mmoja duniani anayemjua, na mtu huyo ana bega linalopona. Ukikaa hapa utanitazama nikikonda, utanichukia kidogo kwa kila siku itakayozidi, na mimi nitakuona unanichukia, maana macho bado yanafanya kazi. Hilo ni kweli. Na hili nalo ni kweli: ninaogopa. Mchana sina shida, nina watu wa kuwagombeza. Lakini daktari amesema mwisho utakuwa na maumivu, na mtu ninayetaka awe amekaa pale pembeni ni wewe, si Konsolata, Konsolata atanisomea rozari kwa sauti. Nimeandika yote mawili. Usichague lile jepesi ukasema ndilo nililolisema.

Ukienda na nikafa, usikimbie usiku na mchana kuja kuuwahi mwili. Utanikuta nimeshazikwa hapa kwenye kibanja, siondoki. Ukibaki, mpigie yule mama leo hii, umwambie asimwache Jivu kwa mtu wa mjeledi. Sitakuomba lolote kati ya hayo. Sitaugua kwa makusudi wala kupona kwa makusudi. Kesho hutaona naamka mapema kukufulia ili nionekane mzima.

Kwa shangazi yako nitasema mwenyewe ukishamaliza kusoma. Atalia, mwache alie, umpe maji.

Wewe sasa ikunje barua, unifuate jikoni. Najua una maswali, na mengine yatakuwa mabaya, pamoja na lile la kwa nini nilinyamaza tangu kahawa inachanua huku ukinipikia uji kila asubuhi. Uliza hilo kwanza. Uliza kwa sauti, wengine wasikie. Nimekaa, sina kitu mkononi, na nitakujibu.

Bibi yako,
Leokadia